Mshahara wa haki na manufaa ya jamii: madai yaandikwe kabla baraza la jiji halijapiga kura

#1 Mwanamtaa

Wakuu, salaam.

Mji ukitoa ardhi, msamaha wa kodi au zabuni kwa kampuni binafsi, wananchi wana haki ya kuuliza: kazi zitakazopatikana zitalipa kiasi gani, watapewa akina nani, na wanaokaa jirani na mradi watabaki na nini? Ni maswali mepesi. Kinachoniuma ni kwamba huulizwa kwa kuchelewa, zege likiwa limeshamwagwa na hotuba za uzinduzi zimeshatolewa.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Nguvu ya wananchi ipo kabla ya kura ya baraza. Wakati huo mwekezaji anahitaji kitu kutoka kwenu: kibali, kiwanja, ruzuku, au walau asipingwe hadharani. Akishakipata, mnabaki kutegemea hisani yake. Kwa hiyo madai ya mshahara, ajira za wenyeji, nyumba na mengineyo yawe yameshaandikwa, yana tarakimu, na yupo mtu anayeweza kwenda nayo mahakamani, kabla madiwani hawajanyoosha mikono.

Mifano yangu mingi ni ya Marekani, kwa sababu huko ndiko mapambano haya ya ngazi ya mji yamefanyika kwa wingi na kumbukumbu zake zipo wazi.

Nianzie Baltimore. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makanisa yaliyokuwa yakigawa chakula kwa maskini yaligundua kwamba waliopanga foleni hawakuwa wasio na kazi peke yao. Walikuwamo watu wanaotoka zamu, wana ajira, na bado mshahara hauwafikishi mwisho wa mwezi. Jiji nalo lilikuwa limehamishia kazi zake nyingi kwa wakandarasi. Hebu tazama mzunguko wenyewe: kodi ya mwananchi inamlipa mkandarasi, mkandarasi anamlipa mfanyakazi kiduchu, mfanyakazi anaenda kula kanisani, na kanisa linalisha kwa sadaka ya mwananchi yule yule. Muungano wa makanisa ulioitwa BUILD ukaungana na chama cha wafanyakazi AFSCME na kuliambia jiji lisitumie fedha za umma kununua umaskini. Desemba 1994 sheria ikapita: mkandarasi wa huduma za jiji alipe si chini ya dola 6.10 kwa saa kuanzia Julai 1995. Kima cha chini cha taifa wakati huo kilikuwa dola 4.25.

Sheria ile iligusa watu wachache, wale wa zabuni za jiji tu. Lakini hoja ilishasimama: mji ni mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuchagua ananunua nini. Los Angeles wakafuata mwaka 1997. Meya Richard Riordan akaikataa sheria yao kwa kura ya turufu, baraza likaipitisha juu yake.

Naendelea baadaye, kuna kisa cha uwanja wa michezo ambacho ndicho hasa kilinifanya niandike.

#2 Nanga

Mkuu nimeshakaa mkeka wa mbele. Endelea.

#3 Mwanamtaa

Tuendelee.

Staples Center, uwanja wa michezo wa Los Angeles, ilifunguliwa 1999. Waliokuwa wakiishi pembeni, wengi wao wahamiaji wa kipato cha chini, walionja upande wa pili wa mradi ule. Kuna waliohamishwa kupisha ujenzi. Waliobaki, kila usiku wa mechi magari yalijaa mbele ya nyumba zao, kelele na takataka juu. Ahadi za awamu ya kwanza zilikuwa maneno matupu, hakuna mahali zilipoandikwa kwa niaba yao.

Kisha mwekezaji akarudi na awamu ya pili: hoteli, kumbi za burudani, maduka, nyumba. Alihitaji vibali na fedha za jiji, na alitaka mambo yaishe kabla ya uongozi mpya wa jiji kuingia katikati ya 2001. Hapo ndipo wakazi walipomkuta. Makundi zaidi ya 20 ya mtaa, ya wapangaji, ya dini na ya mazingira yaliunda muungano wa Figueroa Corridor, na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa na mazungumzo yao na kampuni hiyo hiyo vikakubali kutomaliza peke yao. Hili la vyama naliona ndilo lililobeba kila kitu. Mwekezaji hupenda sana kumaliza na mwenye nguvu kwanza, halafu wengine anawapa fulana na picha ya pamoja.

Mei 2001 mkataba ukasainiwa. Yaliyomo: asilimia 70 ya ajira za kudumu ziwe na lengo la kulipa mshahara wa kujikimu. Dola milioni 1 kwa ajili ya bustani na viwanja vya michezo. Asilimia 20 ya nyumba ziwe za bei nafuu. Ajira zipite kwanza kwenye kituo cha kuunganisha wenyeji na waajiri, nacho kikapewa dola 100,000 za kuanzia. Na kuna kifungu nakipenda mno: mwekezaji alipie mpango wa vibali vya maegesho kwa wakazi, dola 25,000 kwa mwaka kwa miaka mitano. Kifungu hiki hakiwezi kutungwa na mtaalamu aliyekaa ofisini. Kimetoka kwa mtu aliyerudi kazini usiku akakosa pa kuweka gari mbele ya mlango wake mwenyewe.

Kituo kile kilifanyaje kazi? Mwajiri ndani ya mradi, hata mpangaji mwenye kibanda cha kahawa, anatakiwa atoe taarifa ya nafasi zake kwenye kituo kabla ya kutangaza kwingine. Kituo kinamletea majina ya waliohamishwa na mradi, kisha ya wenye kipato cha chini wanaoishi jirani. Halazimishwi kumchukua asiyefaa. Anachozuiwa ni kujifanya hakuwaona.

Tusikwepe udhaifu wake pia. Asilimia 70 ile ilikuwa lengo, haikuwa sharti. "Atajitahidi" na "atalipa" ni maneno yenye uzito tofauti mno mbele ya hakimu. Mwenye kuandika mkataba wake leo aanzie hapo.

#4 Mzani

Mleta mada, uzi una data lakini una upande mmoja. Mimi ni mtu wa biashara na nitasema wanachofikiri wengi. Mosi, bei ya kitu ikipandishwa kwa amri, wanunuzi hupungua, na kazi nayo ni kitu kinachonunuliwa. Mshahara ukiulazimisha juu, yule asiye na ujuzi ndiye wa kwanza kuachwa nje. Pili, mwekezaji ana miguu. Mji mmoja ukimwekea orodha ya madai, mji wa jirani unamfungulia mlango bila masharti. Mtabaki na heshima yenu na kiwanja kimeota majani.

#5 Mwanamtaa

Mzani, ahsante kwa kuja na hoja. Nijibu moja moja.

La mshahara kuua ajira. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05, huku jirani yake Pennsylvania ikibaki pale pale. Wachumi David Card na Alan Krueger wakafuatilia migahawa 410 ya chakula cha haraka pande zote mbili za mpaka. Hawakukuta upungufu wa ajira New Jersey. Utafiti ulitoka 1994, ukapigwa vita kweli kweli, na 2021 Card akapata Nobeli ya uchumi kwa kazi za namna hiyo. Sababu inayotajwa sana ni kwamba soko la kazi si kama soko la nyanya: mwajiri mara nyingi ana nguvu ya kulipa chini ya thamani ya kazi kwa kuwa mfanyakazi hana pa kukimbilia.

Lakini sitaficha upande wa pili. Seattle ilipitisha dola 15 mwaka 2014, ikipanda kwa hatua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa ripoti 2017 wakisema mshahara ulipofika dola 13, saa za kazi za watu wa kipato cha chini zilipungua kwa takriban asilimia 9. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioangalia migahawa ya mji huo huo hawakuona upotevu wa ajira, na ripoti ya kwanza ililaumiwa kwa kuacha nje kampuni zenye matawi mengi. Ugomvi wao haujaisha. Mimi nachukua kutoka pande zote mbili onyo moja: ukipigania kiwango cha saa, pigania na idadi ya saa.

Tena kuna faida ambayo wafanyabiashara wenyewe huisahau. Uwanja wa ndege wa San Francisco uliweka viwango vyake vya mshahara na mafunzo mwaka 2000. Wakaguzi wa usalama wa abiria walipanda kutoka kama dola 6.45 kwa saa hadi 10. Kabla ya hapo, katika kila 100 walikuwa wakiondoka karibu 95 kwa mwaka. Baada ya hapo wakashuka hadi karibu 19. Fikiria gharama ya kufundisha watu wapya kila mwaka, na fikiria ni nani anakagua begi lako: mwenye uzoefu au aliyeanza jana.

La miguu ya mwekezaji. Kuna mwekezaji mwenye miguu na kuna asiye nayo. Kiwanda kinaweza kuhama. Uwanja wa ndege, bandari, hospitali, hoteli ya katikati ya jiji, usafi wa ofisi za serikali, hivyo vyote vimefungwa na mahali. Ndiyo maana ushindi mwingi umepatikana huko. Na hata kwa mwenye miguu, kumpa bila masharti si usalama. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliahidi Foxconn, kampuni ya elektroniki ya Taiwan, kifurushi cha karibu dola bilioni 3 kwa ajira hadi 13,000. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya na ahadi ikawa ajira 1,454. Kilichoiokoa jimbo ni kwamba malipo yake yalifungwa na ajira halisi: hakuna ajira, hakuna nafuu ya kodi. Ila serikali ya kijiji cha Mount Pleasant ilikuwa imeshakopa, imeshanunua ardhi, imeshabomoa nyumba za watu. Kilichokuwa na sharti hakikutoka mfukoni. Kilichotangulizwa kwa imani kilibaki kuwa deni.

#6 Zuhura_W

Habarini wote. Huwa nasoma tu sichangii, ila hapa pamenigusa.

Nafanya kazi kwenye uwanja mkubwa wa ndege Marekani, sitautaja. Nasukuma abiria wenye viti vya magurudumu. Abiria anadhani mimi ni wa shirika la ndege kwa sababu sare yangu inafanana na rangi zao. Mimi si wa shirika. Ni wa kampuni iliyopewa kazi na shirika, na kampuni hiyo hushindana na nyingine kwa kitu kimoja tu, nani atatoza kidogo.

Kazi yenyewe ni hivi. Redio inakuita mlango fulani. Unamchukua mama mtu mzima, mifuko yake miwili juu ya mapaja, unapita naye ukaguzi, unamvulisha viatu, unamvalisha. Mlango wa ndege umebadilishwa, basi unageuza. Umemfikisha, redio inaita tena upande wa pili wa jengo. Pa kukaa hakuna. Bakshishi wanayodhani tunapata wengi hawatoi, na si haki kumtegemea mgonjwa akulipe mshahara.

Anachosema mleta mada kuhusu saa ni kweli tupu. Kiwango chetu kwa saa si kibaya siku hizi. Lakini ratiba inaingia kwenye simu Jumapili usiku: wiki hii saa 22, wiki ijayo 31, inayofuata 18. Kodi ya nyumba haijui habari ya saa 18. Wakati huo huo wanaajiri wapya kila mara. Nilimuuliza msimamizi kwa nini wasitupe sisi hizo saa, akasema ukifika saa fulani kwa wiki wanapaswa wakupe bima.

Na mkandarasi akibadilishwa, wote mnaambiwa muombe upya. Kazi ile ile, jengo lile lile, viti vile vile. Mwenzangu mmoja aliyekuwa na miaka mingi pale alianzia mshahara wa mgeni.

#7 Mwanamtaa

Dada Zuhura, umeandika kitu ambacho ripoti nyingi hazikisemi. Pole na ahsante.

Mambo uliyoyataja yaliwahi kuandikwa kwenye sheria ya mji mmoja mdogo sana, SeaTac, uliouzunguka uwanja wa ndege wa Seattle. Historia yake ni kama yako. Mwaka 2005 shirika la Alaska Airlines liliondoa karibu wapakiaji mizigo 500 waliokuwa na chama, kazi ikapewa mkandarasi kwa mshahara wa chini sana. Waliofanya kazi pale baadaye wengi walikuwa wahamiaji, wakiwamo Wasomali na wengine wa Afrika Mashariki. Vyama, misikiti, makanisa na wafanyakazi wenyewe wakapeleka hoja kwa wapiga kura Novemba 2013: dola 15 kwa saa kwenye uwanja, hoteli kubwa na kampuni za maegesho. Ikapita kwa tofauti ya kura 77. Sabini na saba! Kila mlango uliogongwa jioni ulikuwa na maana.

Watu wanaikumbuka kwa dola 15. Mimi naona vifungu viwili vingine vina thamani sawa. Kimoja kinamtaka mwajiri awape kwanza saa za ziada wafanyakazi wake wasio na saa kamili kabla ya kuajiri wapya. Kingine kinasema mkandarasi mpya akichukua kazi, awabakize waliokuwapo kwa siku 90. Hicho cha pili ndicho kingemwokoa mwenzako.

Kampuni zikaenda mahakamani. Ilichukua hadi Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington kusema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba sheria inafanya kazi hadi ndani ya uwanja wenyewe. Karibu miaka miwili wafanyakazi wa ndani ya uwanja walikuwa wameshinda kura lakini mshahara hawajauona.

Kuhusu ratiba ya Jumapili usiku: Seattle ilianza kutumia sheria ya ratiba Julai 2017 kwa maduka na migahawa mikubwa. Ratiba itolewe siku 14 kabla, na ikibadilishwa ghafla mfanyakazi alipwe. Ni sheria ya kuigwa.

#8 Mtetezi wa Kata

Mleta mada, naunga mkono mada yako kwa dhati, ila nina jambo la kukupinga. Umesifia mikataba. Mkataba ni wa waliosaini. Nani alisaini?

Chukua Atlantic Yards, mradi wa ukumbi wa michezo na nyumba huko Brooklyn, New York, 2005. Mwekezaji, kampuni ya Forest City Ratner, alisaini mkataba wa manufaa na makundi 8. Baadhi yalikuwa yanapokea fedha kutoka kwa mwekezaji huyo huyo. Waliokuwa wakipinga mradi hawakuwa mezani. Mkataba uliahidi msimamizi huru wa kukagua utekelezaji. Ukumbi ulifunguliwa 2012 na msimamizi huyo hakuwahi kuteuliwa. Au uwanja mpya wa timu ya besiboli ya Yankees, mtaa wa Bronx, New York, 2006: makubaliano yalisainiwa na wanasiasa wa eneo, hakuna hata kundi moja la wakazi lililotia saini, na bustani zao ndizo zilizochukuliwa.

Ndiyo maana mimi natetea sheria ya mji mzima. Kila mradi ukivuka kiasi fulani cha ruzuku, masharti yanawaka yenyewe bila kumtegemea kiongozi wa mtaa ana njaa kiasi gani.

#9 Mwanamtaa

Mtetezi, hoja ya nani kasaini naipokea yote, wala sina la kuongeza. Kundi linalolipwa na mwekezaji lisiwakilishe wakazi dhidi ya mwekezaji. Likitaka fedha za mradi, zipite kwenye mfuko unaosimamiwa na wengine, na baada ya saini.

Lakini kwenye sheria ya mji mzima nina wasiwasi, na sababu ni Detroit. Novemba 2016 wapiga kura walikuta mapendekezo mawili kwenye karatasi moja. Pendekezo A lilitoka kwa makundi ya wananchi: miradi kuanzia dola milioni 15 yenye msaada wa umma, na mkataba wenye nguvu ya kisheria kati ya mwekezaji na wakazi. Pendekezo B likaja baadaye kutoka ndani ya baraza: miradi kuanzia milioni 75, na kamati ya ushauri ya watu 9, ambao wakazi wenyewe walichagua 2 tu. B ikashinda, A ikaanguka. Detroit ukawa mji mkubwa wa kwanza nchini humo wenye sheria ya namna hiyo, na ilikuwa ile dhaifu. Tangu hapo ukidai mkataba unaambiwa mchakato upo, nenda kwenye kamati. Sheria dhaifu inaweza kuwa mlango uliofungwa kwa heshima.

Halafu kuna jimbo juu ya mji. Februari 2016 Birmingham, Alabama, ilipitisha mshahara wa dola 10.10. Bunge la jimbo likapitisha haraka sheria ya kuizuia miji yote kuweka mishahara yao, na ile ya Birmingham ikafa pale pale. Majimbo zaidi ya 20 yana vizuizi kama hivyo, huku kima cha taifa kikiwa dola 7.25 tangu Julai 2009.

Hapo ndipo mkataba unapoonyesha thamani yake. Tennessee nayo inaizuia miji kuweka kima cha mshahara. Lakini mwaka 2018, baraza la Nashville likiwa karibu kupiga kura juu ya uwanja wa mpira wa miguu, muungano wa Stand Up Nashville ulisaini na wamiliki wa timu: dola 15.50 kwa saa kwa wafanyakazi wa uwanja, asilimia 20 ya nyumba ziwe za bei nafuu, na kituo cha kulelea watoto. Jimbo linaweza kuuzuia mji usitunge sheria. Watu wawili huru wakikubaliana kwa hiari yao, hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo jibu langu: vyote viwili, na kimoja kisimsubiri mwenzake. Vifungu vikuu vya mkataba viingizwe pia kwenye makubaliano ya mji na mwekezaji, ili kukiwa na ukiukaji, mji na muungano wote waweze kushtaki.

#10 Mzani

Nimewasoma. Mmejibu vizuri, lakini mmeruka mfano mmoja. Kingsbridge Armory, Bronx. Jengo kubwa tupu. Mwekezaji alitaka kujenga maduka, wakazi wakadai waajiri wote ndani walipe mshahara wa kujikimu, akakataa. Desemba 2009 baraza la jiji la New York likaukataa mradi, kura 45 kwa 1. Sawa, mlishinda. Miaka mingi baadaye jengo lilikuwa bado tupu. Vijana wa pale walikosa hata hizo kazi za mshahara mdogo. Hilo mnalielezaje?

#11 Mwanamtaa

Mzani, huo ni mfano wa kweli na unauma, sitaupaka rangi.

Lililotokea baadaye ni hili. Mwaka 2012 baraza la New York lilipitisha, juu ya kura ya turufu ya Meya Michael Bloomberg, sheria ya mshahara wa dola 10 pamoja na marupurupu kwa miradi inayopewa ruzuku kubwa. Mwaka 2013 jengo lile likapata mwekezaji mwingine, wa viwanja vya barafu, aliyesaini mkataba mpana wa manufaa na wakazi. Kisha mradi ule ukakwama kwa fedha. Hakukwamishwa na mshahara. Alikwama kwa kukosa mtaji.

Hata hivyo nakubali: kukataa kuna gharama, na gharama hiyo huangukia watu wale wale mnaowatetea. Ndiyo maana muungano unatakiwa ujue kabla ya kikao cha kwanza ni kifungu gani hauwezi kukiachia na kipi unaweza. Wakazi wenyewe ndio waamue hilo, kwa mkutano wa wazi, na waambiwe bila kuficha kwamba mwekezaji anaweza kweli kuondoka. Wakisema aondoke, uamuzi ni wao. Kinachonikera ni uamuzi huo kufanywa na watu ambao hawatakosa chochote, awe mwanaharakati anayetoka mbali au diwani anayetafuta jina.

#12 Nanga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Na pale mradi ulipokwisha kupitishwa? Kura imepigwa, hakuna kilichoandikwa, mnaona tu winchi za ujenzi zinazunguka. Ndiyo basi?

#13 Mwanamtaa

Nanga, hapana, ila kazi inakuwa ngumu zaidi.

Kwanza tafuta awamu ijayo. Miradi mikubwa haipitishwi mara moja. Kuna awamu ya pili, kuna kuongezwa muda, kuna mabadiliko ya ramani, kuna kibali cha pombe, kuna mkopo wa dhamana ya mji. Kila moja ni kura nyingine. Omba ratiba ya vikao vya kamati ya mipango na uisome kila inapotoka. Inachosha, lakini nafasi yenu imo humo.

Pili, zabuni za huduma huisha na kutangazwa upya. Usafi, ulinzi, chakula, viti vya magurudumu vya dada Zuhura. Masharti ya zabuni mpya huandikwa miezi mingi kabla ya tangazo, na ndipo pa kuingiza mshahara, kubakizwa kwa wafanyakazi na saa za ziada. London, Chuo Kikuu cha Queen Mary kilipobanwa na wafanyakazi, wanafunzi na muungano wa London Citizens, hakikuishia kupandisha mshahara. Kiliwachukua wasafishaji kuwa waajiriwa wake moja kwa moja. Muungano huo huo mwaka 2004 uliwapata wakuu wa zabuni ya Olimpiki ya 2012 wakati jiji lilikuwa bado halijapewa michezo na linahitaji kuonyesha kwamba wananchi wanaiunga mkono. Wakaahidiwa mshahara wa kujikimu, ajira za wenyeji na nyumba za bei nafuu.

Tatu, ukaguzi. Hata palipo na sheria nzuri, mshahara huibiwa: saa hazihesabiwi, makato hayaelezwi. San Francisco ina ofisi ya viwango vya kazi tangu 2001, na imekuwa ikishirikiana na vikundi vya wahamiaji, kwa sababu mfanyakazi mwenye hofu haendi serikalini, anaenda kwa mtu anayezungumza lugha yake. Ukiandika mkataba, weka tarehe ya ripoti, nani anaipokea, na faini isipoletwa.

Dada Zuhura, kama upo: uliza zabuni ya kampuni yenu inaisha lini. Kwenye viwanja vingi vya Marekani mamlaka inayosimamia ni ya umma, na vikao vya bodi yake huwa wazi, na mwananchi hupewa dakika chache za kusema.

#14 Zuhura_W

Nipo. Kumbe leseni ya kampuni yetu kufanya kazi uwanjani inafikishwa kwenye bodi kabla ya mwaka huu kuisha, nimeambiwa leo na mwenzangu wa zamu ya asubuhi. Tuko kama kumi tunaotaka kwenda. Mwanamtaa, nikuandikie pembeni unisaidie kupanga cha kusema kwa hizo dakika? Nataka nianze na habari ya saa.

#15 Mwanamtaa

Niandikie hata leo. Na kila mmoja wenu aje na ratiba zake za miezi mitatu, zilizopigwa picha kwenye simu.